Sabuni ya Nyansiongo

Mjukuu wangu anayefanya kazi ofisini Kisii mjini aliniletea juzi chupa ya sabuni ya maji. Chupa yenyewe nzuri hata niliogopa kuigusa, imechorwa jani la mgomba ubavuni, na juu ina kitu cha kubonyeza. “Nyanya, hii ni ya asili tupu,” akaniambia. “Unaoga nayo, unaosha nayo vyombo, hata sakafu unapiga nayo deki.” Nikabonyeza tone moja kiganjani, nikanusa. Loo! Majivu ya maganda ya ndizi na mafuta ya nyonyo. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, naye mtoto wa watu akacheka nami, akidhani nimefurahia zawadi. Nilifurahi, sikatai. Lakini yale machozi hayakuwa ya kicheko yote. Alipoondoka nilikwenda kukaa nje peke yangu na harufu ile mkononi, uso unaniwaka kwa aibu kama nilivyowaka nilipokuwa msichana wa miaka minane.

Aibu hiyo nimeishi nayo muda mrefu, wenzangu, na sijapata kumsimulia mtu. Wahusika wote wamekwisha kulala. Nimebaki mimi, na mimi mwenyewe sasa natembelea fimbo, kwa hiyo acheni niseme.

Kwetu ni mlimani, juu kidogo ya Nyakoe. Zilikuwa siku za vita vya Hitla, na sabuni ya mche ilikuwa imeadimika. Ukiteremka kwa Mhindi mjini Kisii anakuambia, “Bado meli,” nasi tusiojua bahari ilikoelekea tunarudi nyumbani tukiilaani meli hiyo. Kulikuwa na nyumba zilizofua kwa maji matupu mwaka mzima. Kwetu hatukujua shida hiyo, maana Mama alikuwa fundi wa kupika sabuni.

Alikusanya maganda ya ndizi na magome ya migomba iliyokwisha kukatwa, akayaanika mpaka yakakauka kabisa, kisha akayachoma juu ya bati hadi yakawa majivu meupe. Majivu aliyatia katika chungu kikuukuu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi kavu, akamimina maji. Maji yalishuka tone kwa tone mpaka chungu cha chini, rangi yake kama ya chai isiyo na maziwa. Mama aliyaonja kwa ncha ya ulimi na kutema upesi. Yakimkata ulimi, yako tayari. Mimi nami nilijitia ufundi siku moja nikayaonja, nikashinda ulimi nje kama mbwa, na Mama badala ya kunihurumia akaita majirani waje waone.

Mbegu za nyonyo tulizikaanga, tukazitwanga, tukazichemsha, na mafuta yakaelea juu tukayaengua kwa kata. Halafu mafuta na yale maji ya majivu viliingia chungu kimoja juu ya moto mdogo, na Mama akakoroga kwa mwiko mrefu tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi. Haikuganda kama sabuni ya dukani. Ilibaki uji mzito wa kahawia, wenye kunata na kuteleza, unaonuka moshi na karanga zilizoungua. Tuliogea hiyo, tulifulia hiyo, tulisugulia masizi ya vyungu hiyo. Kichwa kikiingia chawa, dawa ni hiyo hiyo, na ole wako ikufike machoni.

Sasa, kila mwezi Mama alipika chungu cha pili, kidogo, peke yake. Hicho kilikuwa cha Nyansiongo. Alikipika kwa moto mdogo zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mafuta ya nyonyo aliyamimina bila huruma, mpaka nikadhani amesahau kipimo. Nilipata kuiba kidogo nikasugulia sufuria, na masizi hayakutikisika hata kidogo.

“Mama,” nikamwambia, “hii ya Nyansiongo haitoi uchafu.”

“Umeiba?”

“Nimeonja tu.”

“Ya wazungu hiyo,” akasema, akiendelea kukoroga. “Sakafu zao laini. Na mkono wako ukirudi humo nitaukata.”

Nikaridhika. Mtoto huridhika upesi, hasa akitishiwa mkono.

Nyansiongo ndiko alikokuwa Tata. Kwa Kigusii baba huitwa Tata, nami siwezi kumwita jina lingine. Alifanya kazi katika nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba kubwa la ng'ombe na mahindi, na alipokuja likizo kilima kizima kilijua. Alikuwa na koti jeusi, kaptula ya kaki iliyonyooka mistari, na viatu. Walipomuuliza kazi yake alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa kujisifu, “Mimi ni mshika funguo.” Basi wazee walitikisa vichwa. Mtu aliyeaminiwa na mzungu funguo za nyumba nzima, huyo ni mtu.

Nyumbani Tata hakuinua hata kata ya maji. Msimlaumu, ndivyo wanaume wetu walivyokuwa. Jikoni hakutia mguu. Kiu ikimshika alikohoa tu pale nje, na mmoja wetu akakimbia na maji. Siku moja mbuzi alitupa shati lake matopeni, na Tata akasimama akilitazama mpaka Mama alipotoka kuliokota. Nilijivuna na baba huyo, jamani! Watoto wenzangu walipotaja baba zao nilingoja wamalize, kisha nikasema neno moja tu: “Funguo.”

Mwaka huo mzee mmoja wa kilima chetu alifariki, na kiti chake katika etureti kikawa wazi. Etureti ndilo baraza la wazee lililoamua kesi za mipaka, za ng'ombe na za wake waliokimbia. Majina yaliyotajwa yalikuwa mawili: Tata, na ndugu yake mdogo, baba yangu mdogo Onsongo. Onsongo mwenyewe alikuwa mtu mpole, hata kiti angempa mwingine akae. Lakini mkewe, Nyaboke, alikitaka kiti kile kuliko mumewe. Nyaboke alikuwa na ulimi, na macho yake yaliona mbali kuliko ya mwewe.

Wazee wakaagiza Tata aje mwezi ukiandama, wamtazame na kumsikia. Mama alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kusafiri. Jirani yetu Ombati, aliyefanya kazi katika shamba lile lile, alikuwa anarudi kazini baada ya likizo. Huyo Ombati kijijini alijulikana kama daktari wa ng'ombe. Mama akaamua niende naye, nipeleke habari na kibuyu cha sabuni.

“Ombati si angekibeba?” nikauliza, maana ile njia ni ndefu.

“Ombati atakimwaga,” akasema Mama. “Mikono yake imezoea kukamua, haijazoea kushika.” Akaziba kibuyu kwa jani la mgomba lililoviringishwa, akanitwisha. “Umpe Tata mwenyewe, mkononi. Usimpe mtu mwingine.”

Tulitembea mpaka nikadhani dunia inaisha, tukalala kwa jamaa zake Ombati, tukatembea tena. Tulipofika upande wa Nyansiongo, vilima vikalala chini na baridi ikatushika. Mashamba ya wazungu yalikwenda mpaka jicho linachoka. Ombati akaniacha kwenye zizi, akanipa maziwa kikombeni. Hapo ndipo nilipomwona daktari wetu akivua koti, akakaa chini ya ng'ombe na kuanza kukamua. Akaniona ninamtazama.

“Kaa hapa hapa,” akasema. “Tata wako atakuja jioni. Nyuma ya ile nyumba kubwa usiende. Umesikia?”

Nilisikia. Ningekaa pia, maana nilikuwa mtoto mtiifu, lakini lile jani la mgomba lilikuwa limelegea kwa safari na sabuni ilianza kuchuruzika shingoni mwangu. Niliziba kwa kidole, ikapita. Nikaziba kwa kiganja, ikapita. Nikafikiri jinsi Mama alivyokaa na mwiko siku nzima, mgongo ukimuuma na mtoto mgongoni. Nikaona heri nimfikishie Tata kabla haijaisha. Mtu mwenye funguo, nikasema moyoni, atakuwa karibu na milango. Nikazunguka nyumba kutafuta mlango.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze chinsoni, la sivyo hamtanielewa. Chinsoni kwetu ni haya, na ni heshima pia, vyote katika neno moja. Baba na mtoto wana mpaka kati yao. Kuna vyumba vya mzazi ambavyo mtoto haingii, na maneno ambayo mmoja akiyasikia mbele ya mwingine wote wawili wanainuka na kuondoka. Mtoto asimwone baba yake katika utupu, na utupu si wa nguo peke yake. Ukimwona, hukutenda kosa, lakini aibu imekwisha kuingia, na hamna mmoja kati yenu anayeweza kuitoa. Mtoto mdogo kama mimi alisamehewa mengi. Lakini nilikuwa nimekwisha kufundishwa, na nilijua.

Kwanza niliona kamba ya kuanikia. Ilining'inizwa vitambaa vidogo vya rangi ya waridi, vina lesi pembeni, nami nikadhani ni vya kufunikia meza. Upepo ukavuma, vikajaa hewa, nikaona umbo. Hata mtoto wa miaka minane anajua hiyo si meza.

Chini ya kamba kulikuwa na karai kubwa, na mbele ya karai mtu amepiga magoti, amejifunga aproni nyeupe. Alikuwa anafikicha kitambaa kingine kama vile, polepole, kwa vidole, akikigeuza na kukitazama kwenye mwanga kama palibaki doa. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani chini chini. Nikaijua sauti kabla sijaujua mgongo.

Natamani ningekimbia. Tata akainua kichwa, tukatazamana, na wimbo ukakatika. Ile nguo ilikuwa mikononi mwake, maji yanatiririka hadi kwenye viwiko. Hakuificha. Aliiachia tu ikazama karaini, na mikono yake ikabaki hewani. Ndipo nilipoiona ile mikono. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, ngozi imepasuka kwenye kila ungio, na ndani ya mipasuko mnaonekana wekundu. Pembeni ya karai palikuwa na magadi ya kufulia na mche mkubwa wa sabuni. Wazungu wao hawakuingoja meli.

“Weka hapo,” akasema Tata, akinionyesha kibuyu kwa kidevu.

Nikaweka. Akachovya vidole viwili kwenye sabuni iliyochuruzika ubavuni mwa kibuyu, akajipaka mikononi, katikati ya vidole, polepole, amefumba macho. Nilishangaa, kisha nikachukia. Sabuni ya Mama! Hakuitia kwenye nguo, hakuitia sakafuni. Alikuwa anaichezea mikononi tu, na Mama kule nyumbani mgongo umemkatika akidhani anang'arisha nyumba ya mzungu.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mama wa kizungu na kofia yake.

“Boi! Ile nyeupe bado?”

“Karibu, memsaab.”

Alisimama upesi alipojibu, mtu ambaye kwetu alikohoa tu na maji yakaja. Yule mama akaniona. “Na toto hii ya nani?”

Tata hakunitazama. Alitazama karai.

“Ya Ombati, memsaab.”

Nikaondoka. Sikukimbia, nilitembea, na nakumbuka nilikuwa natazama miguu yangu nione kama ni yangu kweli. Nilijificha nyuma ya zizi, nikalia kimya kimya. Sikujua nalilia nini. Aibu ya kumwona ilikuwepo, na aibu ya kuitwa mtoto wa Ombati ilikuwa juu yake.

Jioni Tata alikuja kibandani kwa Ombati. Amevaa koti jeusi, viatu vinang'aa, mikono mfukoni.

“Kerubo! Umefika saa ngapi?” akaniuliza, kama ndiyo mara ya kwanza kuniona.

“Sasa hivi, Tata,” nikajibu.

Ombati akakohoa, akainuka, akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamelala zamani. Nikampa Tata habari za wazee. Akauliza hali ya Mama, ya mtoto, ya ndizi. Nilijibu nikitazama moto. Hata siku moja, tangu jioni hiyo hadi alipofariki, hatukuitaja ile kamba wala lile karai.

Aliomba ruhusa na tukarudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na kibuyu kitupu. Njiani alininunulia ndizi mbivu, akanichagulia iliyo nzuri, akanipa bila kunitazama. Nilikula nikiwa sina hamu, kwa adabu tu. Moyoni nilikuwa na hofu moja iliyonifuata kila kilima: nitaulizwa. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa nyumba yetu kufika Nyansiongo. Nitaulizwa, na neno langu moja linaweza kumwangusha Tata mbele ya watu wote, na kusema uongo mbele ya wazee nilifundishwa ni laana.

Siku ya wazee ikafika. Walikaa uani kwa vigoda vyao, fimbo zimelala magotini. Tata alikaa akiwa amevaa koti, jua kali hivi, mikono ndani ya mifuko. Mama alikuwa amesonga wimbi na kupika mboga za kienyeji na kuku. Nyaboke alikuja kusaidia, na kwa kweli alisaidia, lakini macho yake hayakutoka kwenye ile mifuko ya koti.

Kwetu shemeji na shemeji wametaniana tangu zamani, na mzee hawezi kukemea utani. Nyaboke alilijua hilo vizuri.

“Baba Kerubo,” akaita kwa sauti ya kicheko, ameshika kiuno, “huko Nyansiongo ni baridi mpaka mikono umeifunga jela? Hebu itoe tuisalimu! Mikono ya funguo tumeisikia tu, hatujaiona.”

Wazee wakacheka. Tata akacheka pia, mikono ikabaki pale pale. Nyaboke akanigeukia.

“Basi tumuulize aliyefika. Kerubo, mwanangu, njoo hapa. Waambie wazee ulimkuta Tata wako akifanya nini.”

Nilimwona Tata akitazama ardhi vile vile alivyotazama karai. Nikafungua mdomo, na hadi leo sijui ningesema nini.

Mama akatokea mlangoni. Ameshika beseni mkono mmoja, kibuyu mkono mwingine, birika la maji kwapani. Kunawisha wageni kulikuwa kazi yangu, mtoto wa nyumba. Na mpangilio wake kila mtu aliujua: mzee mkubwa kwanza, halafu wageni wote kwa umri wao, mwenye nyumba wa mwisho. Mama alinipita, akampita mzee mkubwa aliyekwisha kunyoosha viganja, akawapita wote. Akaenda akapiga magoti mbele ya Tata.

“Lete mikono, Baba Kerubo,” akasema.

Ala! Uani pote pakavuta pumzi. Mwanamke anamnawisha mumewe kabla ya wazee, hadharani, kama mtoto! Tata alibabaika, akatoa mikono bila kufikiri, na kabla haijafika kwenye mwanga Mama alikuwa amekwisha kuimwagia sabuni, tena nyingi, akaifikicha mpaka povu likapanda hadi vifundoni. Hatukuona mikono. Tuliona povu. Aliisugua muda mrefu kupita kiasi, akaisuuza humo humo ndani ya beseni, akaifunga kwa kitambaa, akamwachia kitambaa mkononi.

Nyaboke alipiga kofi la mshangao. “Yesu wangu! Mwanamke huyu hana haya!” Kicheko kililipuka. Mzee mkubwa, viganja vyake bado hewani, akasema, “Mume akikaa mbali sana, mke husahau adabu,” wakacheka zaidi. Mama aliinamisha kichwa, akasema, “Mnisamehe, wazee wangu, ni furaha tu,” akarudi kumnawisha yule mzee. Swali langu likasahaulika. Chakula kikaja, na sima huliwa kwa vidole, lakini Tata alisema tumbo halimkai vizuri tangu safarini, akashikilia kile kitambaa na kuzungumza. Alizungumza vizuri sana. Kabla jua halijatua wakampa kiti.

Ningefurahi. Badala yake nilikwenda kujifungia ghalani na aibu ya tatu. Baba nimemwona anafua nguo za ndani za mwanamke. Mama naye amejivunjia heshima mbele ya kilima kizima. Kisa hicho Nyaboke alikisimulia miaka na miaka, sokoni na kisimani, na Mama akapewa jina la utani, “Mnawisha Mume.” Wasichana waliniitia jina hilo njiani. Niliporudi nyumbani nikilia, Mama alisema tu, “Waache. Maneno hayavunji chungu.” Nami nilimwona mshamba, asiyejua hata amefanya nini.

Tata alikaa katika etureti hadi uzee wake. Kazi ya Nyansiongo aliiacha baada ya vita. Aliamua kesi za watu kwa haki, na watu walimheshimu. Mimi nilisoma kidogo, nikaolewa upande wa Kenyenya, nikawa mwanamke mwenye nyumba yake na sabuni yake ya dukani.

Alifariki katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilipofika nyumbani alikuwa amelazwa ndani, na wanaume walikuwa wanajiandaa kumwosha. Nilikuwa nimenunua mche wa sabuni njiani, mzuri, wa kunukia. Mama alikuwa amekaa jikoni. Akaupokea, akaunusa, akauweka kando.

“Huu utamkwaruza,” akasema. “Bandika chungu. Maji ya majivu yapo, nyonyo ipo. Pika ya Nyansiongo.”

“Mama, tangu lini sijapika sabuni. Hata kipimo chake sikijui.”

“Kipimo hakina shida. Mimina nyonyo mpaka uone unaharibu. Haitatoa uchafu, lakini ile si ya uchafu.” Akasukuma kuni ndani ya moto kwa mguu. “Ile ni ya mikono.”

Mwiko ukasimama mkononi mwangu. Wenzangu, nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kuelewa mambo niliyoyaona nikiwa na miaka minane. Mama hakufika Nyansiongo hata siku moja, lakini alikuwa analala kando ya ile mikono kila likizo. Funguo hazipasui ngozi. Alijua tangu mwanzo, na hakuuliza, kwa sababu akiuliza Tata angelazimika kujibu. Akampikia sabuni ya mikono yake na kuiita ya sakafu za wazungu. Na siku ile uani aliona pametakiwa mtu wa kuaibika, akaenda yeye akapiga magoti. Na Tata, aliyesema mimi ni wa Ombati, hakunikataa. Yule aliyekuwa ameinama pale karaini ndiye ambaye Tata hakutaka awe baba yangu. Watatu tulikuwa na siri moja, kila mmoja akidhani amewafichia wenzake, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikiwaonea aibu wote wawili.

“Mama,” nikaanza, na sauti yangu ikapanda bila mimi kutaka, “kumbe wewe ulijua kwamba Tata alikuwa anafua—”

Mama alinishika mkono upesi. Aligeuza macho kule alikolazwa Tata, ukuta mmoja tu wa udongo kati yetu na yeye.

“Sema polepole,” akaninong'oneza. “Asisikie.”

Nikashusha sauti, nikaongeza nyonyo, nikaendelea kukoroga.